Mzee alijibu "salama", kisha simu ikazima

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa grupu la WhatsApp la Waswahili wa hapa Houston. Tupo Watanzania, Wakenya na ndugu zetu Wakongo, jumla watu 187. Kimbunga Beryl kilipopita Julai 2024 grupu lilichangamka kuliko la harusi: dua, klipu za miti iliyoangukia magari, "niko salama", "Mungu mkubwa". Siku ya nne ndipo mtu akauliza, "Jamani, yule mzee wetu wa mtaa wa Alief kuna aliyemsikia?" Kimya. Kila mmoja alidhani mwenzake kapiga. Jumatatu asubuhi mzee alikuwa ameandika "salama", basi tukatulia. Vijana wawili walipomfikia walimkuta kalala sakafuni, nyumba joto kama tanuri, maji ya kunywa yamemwishia tangu jana yake, simu imezima siku mbili. Alilazwa, akapona. Lakini mimi bado halijanitoka. Tungefanyaje? Tuhame WhatsApp? Na niende kumwomba radhi, au nitakuwa namkumbusha aibu?

JIBU

Marahaba katibu, na pole. Kabla hujaendelea kujilaumu, tazama jambo moja: mzee wenu hakuachwa na watu wasiojali. Aliachwa na watu 187 waliokuwa wameona kwa macho yao kaandika "salama". Pa kuanzia ni hapo.

Sisi ukituuliza hali tunajibu nzuri. Ndivyo tulivyolelewa. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila mtoto kalazwa." "Za siku nyingi?" "Salama tu, ila tumemzika mama." Neno la kwanza ni adabu, habari yenyewe inakuja baada ya "ila". Ana kwa ana huwa tunaisubiri hiyo "ila", hata kama ni kwa kunyamaza tu na kumtazama mtu usoni. Kwenye simu mtu anaandika "salama", anaweka mikono miwili ya dua, na "ila" inabaki nyumbani kwake.

Isitoshe, mzee hakusema uongo. Beryl ilitua karibu na Matagorda, pwani ya Texas, kama saa kumi alfajiri, Jumatatu tarehe 8 Julai, ikiwa kimbunga cha daraja la kwanza. Wengi hapa walisema "cha kwanza tu hicho", wakageuza shavu la pili kwenye mto. Asubuhi upepo ukawa umepita, paa lipo, madirisha yapo. "Salama" ya saa hizo ilikuwa kweli tupu. Kilichokaribia kumuua kilikuwa hakijaanza. Wateja wa umeme zaidi ya milioni 2 walikuwa gizani, wengine wakakaa hivyo zaidi ya wiki, na jua la Julai likarudi kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu waliokufa ndani ya nyumba zao kwa joto, siku kadhaa baada ya upepo kutulia, wamo katika hesabu ya vifo vya Beryl hapa Texas.

Ukitaka kuona jambo hili kwa ukubwa wake, tazama Puerto Rico. Kimbunga Maria kiliipiga tarehe 20 Septemba 2017. Kwa miezi mingi idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa 64. Mwaka uliofuata, baada ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha George Washington kupima vifo vilivyozidi kiwango cha kawaida kuanzia Septemba hadi Februari, serikali ya kisiwa ikabadilisha idadi hiyo kuwa 2,975. Upepo ulivuma siku moja. Baada yake watu wakakosa umeme wa mashine za kupumulia, barabara za kufika kwenye kusafisha figo, friji za dawa, na mtu wa kugonga mlango. Kwa hiyo swali la "uko salama?" lililoulizwa mara moja, asubuhi ya kwanza, linapima upepo tu, na upepo ndio mdogo wao.

Basi muulizeni mtu swali ambalo "salama" haiwezi kulijibu. Jana usiku ulilala wapi? Ndani sasa hivi joto nyuzi ngapi, au tuseme, shuka zimelowa jasho? Umekojoa mara ngapi tangu asubuhi? (Wazee watacheka. Waulizeni tu, maana mtu asiyekojoa anakauka.) Dawa zimebaki za siku ngapi? Chaji asilimia ngapi? Jenereta imekaa upande gani wa nyumba? Kuna mtu kichwa kinamuuma?

Hilo la kichwa sikuliweka kwa kujaza nafasi. Nyumbani sote tunajua habari za watu waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke. Gesi ile ile, isiyo na rangi wala harufu, inatoka kwenye jenereta, na kwenye gari linalounguruma gereji ili mtu achaji simu. Baridi kali ya Februari 2021 ilipokata umeme Texas, watu walikufa hivyo, baadhi wakiwa wameingiza ndani majiko ya kuchomea nyama. Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi wake usielekee mlangoni wala dirishani. Ukimpigia mtu akakwambia yeye, mkewe na watoto wote vichwa vinawauma na wanasikia kichefuchefu, usimwambie anywe maji apumzike. Mwambie watoke nje wote, sasa hivi, kisha wapige 911, namba ya dharura ya huku. Na mzee anayeanza kuongea maneno yasiyoungana huku mwili unawaka, huyo pia ni wa 911, hasubiri kijana wa kumfuata.

Kuhusu sukari, kwa kuwa kila grupu letu lina wenye sukari: insulini kwa kawaida huvumilia kukaa nje ya friji hadi siku 28, mradi joto lisizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Nyumba ya Houston isiyo na umeme inaweza kuvuka hapo kabla ya adhuhuri. Lakini mtu asiache kujichoma kwa sababu dawa imepata joto. Ampigie mfamasia, na ninyi mumtafutie mahali pa baridi, yeye pamoja na dawa yake.

Sasa nani amuulize nani? Neno "jamani" halina mwenyewe. Ukiandika "jamani, tujuliane hali", umemwambia kila mtu na hujamwambia yeyote. Dawa yake Watanzania wanaijua tangu enzi za TANU, Wakenya waliichukua mwaka 2013, na ukiwauliza Wakongo wa Goma watakwambia kwao pia ipo: nyumba kumi. Anayesimamia nyumba kumi huitwa balozi, na watu 187 ni mabalozi 19. Kila balozi ana majina kumi au pungufu, na hayo ndiyo majina yake ya kula nayo na kulala nayo hadi umeme urudi kwa mtu wa mwisho. Balozi naye awe na wa kumrithi, kwa sababu mti ule ule unaweza kuangukia nyumba ya balozi.

Msigawane kwa herufi za majina, wala kwa kabila. Gawaneni kwa barabara, ili balozi aweze kufika kwa miguu ikibidi. Ila kwa wazee ningeongeza jambo moja ambalo halimo kwenye vitabu vya maafa vya Wamarekani. Kijana wa miaka 25 hawezi kumbana mzee wa miaka 74. Atampigia, ataamkia, ataambiwa "salama mwanangu, nashukuru", atakata simu kwa heshima zote. Mpe mzee huyo rika lake, au bora zaidi, mpe mtani wake. Nilishuhudia mazungumzo haya kwenye kipaza sauti cha simu, Mchaga mmoja na mtani wake Mpare, siku ya pili bila umeme:

"We Mpare, friji imezima. Si umeshamaliza nyama yote peke yako ili usigawie watu?"

"Nyama gani? Jiko lenyewe la umeme. Tangu jana natafuna mkate mkavu."

"Na maji?"

"Maji yapo chupa moja. Naionea huruma."

Sekunde ishirini hivi, na tumeshajua kila kitu. Mimi na fomu yangu ya maswali kumi na mawili nilikuwa nimeongea na mzee huyo huyo saa mbili kabla, nikaandika: hana shida.

Orodha yenyewe iwe kwenye daftari, lile gumu la dukani. Orodha iliyoko kwenye simu inakufa pamoja na simu. Andikeni jina, namba, mlango, jina na namba ya jirani (hata kama ni Mvietnamu wasiyeongea zaidi ya kupungiana mikono), kinachomhusu kama sukari, mimba, mashine ya oksijeni au kukosa gari, kisha nafasi kubwa ya kuandika saa na siku aliyoongea na mtu. Saa iandikwe kama inavyosomeka kwenye simu, 8:00 au 14:00. "Nitampitia saa mbili" ina maana moja kwa mtu wa Tanga na nyingine kwa mtoto aliyezaliwa Texas.

Na wekeni alama mbili tofauti: moja ya "nimeongea naye mwenyewe", nyingine ya "nimesikia". Hili nililipia. Agosti 2017, mvua ya kimbunga Harvey ikiwa inanyesha siku baada ya siku, nilikuwa na orodha ya familia za jengo moja kusini magharibi mwa jiji. Mtu akaniambia, "Yule mama wa Bukavu yuko kwa shemeji yake." Nikaweka tiki, nikafungua ukurasa mwingine. Siku ya pili yake nampata shemeji, namuuliza wanaendeleaje, ananijibu, "Si mlisema yuko kwenu kanisani?" Tulimkuta ghorofa ya pili na watoto watatu, hawajaumia, wamekula biskuti siku mbili. Habari ilikuwa imezunguka kutoka kwetu ikaturudia sisi imevaa nguo za mtu mwingine. Tangu hapo tiki yangu haitoki bila sauti ya mhusika au macho ya mtu aliyesimama mlangoni kwake.

Umeuliza kama mhame WhatsApp. Hapana, mtahamia wapi? Ila mjifunze kuisoma. Tiki moja ni habari. Maana yake ujumbe umetoka kwako na haujafika kwenye simu yake: simu imezima, au haina intaneti. Tiki moja iliyokaa kwa muda wa saa tatu mchana ni kawaida. Tiki moja iliyolala hadi kesho yake, kwa mzee anayeishi peke yake, ni sababu ya kuwasha gari. Kwa mzee wenu tiki moja ilikuwepo, nina hakika, kwenye simu ya kila aliyemwandikia pembeni. Lakini kwenye grupu huioni kwa urahisi, ujumbe unaonekana umekwenda, watu wanajibu, shangwe inaendelea. Ndiyo maana balozi aandike kwa mtu mmoja mmoja, asitegemee grupu.

Intaneti ikilegea, rudini kwenye meseji ya kawaida. Ni ndogo, na mtandao ukiwa umebanwa inaweza kupenya pale ambapo simu ya sauti inakatika na ujumbe wa sauti wa dakika nne unazunguka tu. Wakati wa kimbunga grupu kubwa lifungwe, waandike wasimamizi peke yao. Dua zina mahali pake, fungueni grupu la dua. Sisemi kwa kejeli, watu wanalihitaji. Ila klipu ya mti ulioanguka Florida mwaka juzi inakula chaji ya mtu ambaye hana pa kuchajia.

Wanaomaliza chaji hata zaidi ni wapenzi wetu wa nyumbani. Beryl inatua saa kumi alfajiri ya Houston, Dar es Salaam ni saa sita mchana, watu wako macho na televisheni imewashwa. Shangazi anapiga, mjomba anapiga, mliosoma naye Tabora anapiga. Kila familia ichague mtu mmoja wa nje, awe Mwanza, Nairobi au Minneapolis, ambaye ndiye anapewa habari na ndiye anazisambaza. Faida yake si adabu tu. Mara nyingine Houston kwa Houston haishiki, Houston kwa mtu wa mbali inashika. Ndugu wawili walioko kilomita tano wanaweza kupatana kupitia dada yao aliye Mwanza.

Nikuibie siri moja ya jiji hili, kwa sababu inanifurahisha hadi leo. Wakati wa Beryl watu walikosa ramani ya kuaminika ya kuonyesha umeme umerudi wapi. Wakafungua programu ya Whataburger, wale wauza baga, ambayo inaonyesha matawi yapi yako wazi. Penye baga pana umeme. Jiji zima likawa linasoma ramani ya baga kama nahodha anavyosoma nyota. Balozi mwenye akili anaweza kujua kwa njia hiyo ampeleke wapi mzee akapate kiyoyozi. Feni ya betri inatosha jioni, lakini joto likifika nyuzi 35 na kupanda, feni inampulizia mtu hewa ya moto tu.

Mtandao ukifa kabisa je? Hutokea. Kimbunga Helene, Septemba 2024, kilitua Florida usiku wa tarehe 26, kesho yake mvua yake ikafurikisha milima ya magharibi ya North Carolina, mbali kabisa na bahari. Asheville na vitongoji vyake vikakatika: minara kimya, barabara zimebebwa na mito, na maji ya bomba yaliyo salama kunywa hayakurudi mjini hadi katikati ya Novemba. Kilichobaki hewani ni redio za watu wa ridhaa, wale wenye leseni lakini wasio na mshahara. Walikuwa na kituo cha kurushia mawimbi juu ya Mount Mitchell, mlima mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi, na siku zile watu wa mabondeni walipitishia hapo majina na mahitaji: fulani yupo, fulani anahitaji dawa, barabara fulani haipitiki. Hamhitaji wote kuwa na redio. Tafuteni mmoja kati ya 187, mara nyingi ni fundi fulani mtu wa kuchokonoa vyombo, mlipieni ada ya mtihani. Wengine wote kubalianeni sasa mahali na saa: mtandao ukifa, kila asubuhi saa 10:00 ya simu, uwanja wa kanisa au msikiti fulani, mabalozi na madaftari yao. Asiyetokea, jina lake ndilo la kwanza kutafutwa.

Mzee kama wenu aandikishwe pia kwenye orodha ya jimbo iitwayo STEAR, kwa kupiga 211. Ni bure na ni ya watu watakaohitaji msaada maafa yakija. Haimhakikishii mtu kufuatwa, hiyo wanasema wenyewe, kwa hiyo isiwe sababu ya balozi kulala. Na pale ambapo balozi kapiga, kagonga, jirani hajui, mlango umefungwa, pigeni namba ya polisi isiyo ya dharura muombe askari apite. Najua baadhi ya watu wetu hawataki kuona sare mlangoni, kwa sababu za makaratasi au za huko walikotoka. Muulizeni kila mmoja mapema anakubali nini, muandike daftarini. Kwa sababu hizo hizo, anwani ya mtu isibandikwe kwenye grupu hata siku moja. Grupu la watu 187 lina mgeni asiyejulikana, na baada ya kila kimbunga hutokea "mchango wa haraka" wenye namba ambayo hakuna anayeijua ni ya nani.

Lini mfunge daftari? Siyo siku umeme unaporudi kwako wewe katibu. Siku tatu za kwanza ulizeni asubuhi na jioni. Baadaye mara moja kwa siku hadi mtu wa mwisho apate umeme. Kisha mara moja kwa wiki, mwezi mzima, maana wiki ya tatu ndipo mtu anapanda ngazi kukata tawi akaanguka, ukungu unapanda ukutani, mwenye nyumba anataka kodi, na mtu aliyekuwa jasiri mbele ya watoto anaacha kupokea simu.

Sasa kuhusu radhi. Nenda. Lakini usiende na ujumbe wa wazee saba na kreti la soda, utamfanya aone kama mmekuja msibani kabla ya wakati. Nenda wewe na mtu mmoja, saa za chai, na daftari jipya. Mwambie kwa maneno machache, "Mzee, tulikosea, tuliridhika na neno moja." Halafu umwombe kazi. Mtu anayeshinda nyumbani ndiye anayejua nani kahamia, nani kajifungua, gari la nani halijatoka siku mbili. Muombe awe balozi wa jengo lake. Kama ninavyowajua wazee wetu, atakataa mara mbili kwanza.

Mpelekee betri ya kuchajia simu, muichaji pamoja mbele yake ajue inavyowashwa. Muulize jirani wa mlango wa pili anaitwa nani. Na kabla hujaondoka muulize ufunguo wa akiba yuko nao nani, kwa sababu naona hukuniambia wale vijana wawili waliingiaje.